Mwalimu wa Kila Somo Aandaliwe

Mwalimu wa kemia anaandika mlinganyo ubaoni, amewapa wanafunzi mgongo, huku akieleza. Kwa kiziwi anayesoma midomo, somo limekatika hapo hapo. Mwalimu akisema "kama mnavyoona hapa", asiyeona naye ameachwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa wanafunzi hawa wawili haki ya kusoma pamoja na wenzao. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Lakini sekondari kila somo lina mwalimu wake. Mtaalamu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuingia madarasa yote kwa wakati mmoja.

Kugeuka ndipo uzungumze, kusoma kwa sauti unachoandika, kumwandikia mwenye uoni hafifu kwa maandishi makubwa: haya hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji kufundishwa na kuzoezwa. Tunaiomba Wizara ya Elimu iyafanye sehemu ya alama za mazoezi ya kufundisha kwa kila mwalimu mwanafunzi, awe wa hisabati, historia au Kiswahili.