KUCHAGUA MICHE IFAAYO HEWA YA MAHALI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tunduma)



Sisi tufanyao kazi za ofisi tumezoea uhamisho. Barua ikija twafunga mizigo, na tukifika penye baridi twanunua sweta. Lakini mti hauna sweta, wala hautii barua. Jambo hili baadhi yetu tulijifunza kwa hasara. Tulipotoka pwani tulileta miche ya minazi, tukaipanda hapa Tunduma nyuma ya nyumba. Ilidumaa, na baridi ya Juni na Julai ikaimaliza.

Sababu yake ni hii. Mtu akipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Tunduma na uwanda wa Mbozi u juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,400. Ziwa Rukwa li karibu na mita 800 tu. Basi katika mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, zimo hewa mbili. Usiku ambao mtu wa Vwawa hujifunika blanketi, mtu wa Kamsamba hufungua dirisha.

Tutazame kahawa. Arabika hupenda ubaridi wa kadiri ya digrii 18 hadi 22, nayo imestawi Mbozi. Ikiteremshwa bondeni, joto huichosha, na ugonjwa wa kutu ya majani huizidi nguvu. Robusta ya Bukoba huvumilia joto zaidi, lakini huko Ziwa Viktoria huleta misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Sisi twapata msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo kuuliza joto peke yake hakutoshi. Maji nayo hayana budi kuulizwa. Bonde la Kamsamba lafaa mpunga, ufuta na mtama. Uwanda wa juu wafaa kahawa, mahindi, maharage na parachichi.

Ndugu zetu, wengi wetu twangoja kiinua mgongo ili tupande shamba. Mkahawa hukaa kadiri ya miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza. Aliyekosea miche amepoteza fedha pamoja na miaka, na mstaafu hana miaka mingi ya kupoteza.

Basi kabla ya kununua tuulize mambo matatu: mwinuko wa shamba, baridi ya usiku, na miezi isiyo na mvua. Kisha tumwendee bwana shamba na majirani waliotutangulia. Kwa habari za kahawa, kituo cha utafiti cha Mbimba, Mbozi, ki karibu nasi. Tena tuanze na miche michache, tuitazame mwaka mzima, masika na kiangazi, ndipo tutoe fedha iliyobaki.