Chumvi Mezani: Uko Hatua Gani?

Tuanze na kile kikopo cha chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mchuzi, mkate na chipsi.

Lakini mazoea hubadilikaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanasaikolojia wa Marekani James Prochaska na Carlo DiClemente waliwachunguza watu walioacha sigara. Wakaona kwamba mtu habadiliki kwa mkupuo; hupitia hatua. Ndiyo maana huniuma tunapomkaripia mzee mwenye presha: "Acha chumvi!" Huenda bado haoni tatizo lolote. Huyo apimwe presha, aelezwe kwa upole, aulizwe anavyoona mwenyewe. Kumnyang'anya sahani kutamfanya ale kwa kujificha.

Mwingine husema, "Nitapunguza, ila chakula kitakuwa chapwa." Huyu yuko njia panda. Mpikie samaki wa limau na kitunguu saumu, aonje mwenyewe. Aliyekwisha kuamua, msaidie kupanga: tangawizi na pilipili manga ziwepo jikoni, kikopo kitoke mezani. Kisha aanze kupunguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa.

Akishatimiza miezi 6, kazi ni kudumisha. Na akiteleza harusini kwa sahani ya pilau, tafadhali msimcheke. Kesho yake aendelee pale alipoachia.