Somo la Redio kwa Watu Wazima: Umeme wa Nyumba Unayohamia

  Kalamu iwe karibu, maana leo tuna hesabu.

Somo letu linamhusu mtu anayehamia nyumba mpya, na mahali pa mfano wetu ni Kilwa Kivinje. Tuseme mwuguzi amehamishiwa hospitali ya Kinyonga. Amepata vyumba viwili kwa mzee mmoja pale mjini, amelipa pango la miezi sita, ameshusha vyombo. Jioni ananunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu. Anatazama ujumbe ulioletwa: karibu fedha yote imekwenda kwenye kitu kingine, na umeme alioupata hautoshi hata juma moja. Mwuguzi huyu hakuibiwa na mtu. Amelipa hesabu ya nyumba ambayo yeye hakuwa akikaa ndani yake.

Ndugu zetu wanaokaa London husimulia kwamba huko mtu akihamia nyumba anaweza kuchagua kampuni ya kumwuzia umeme na gesi. Ni kweli. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kila nyumba ya Uingereza imekuwa na ruhusa hiyo, ingawa kampuni zaidi ya 20 za aina hiyo zilianguka mwaka 2021 na 2022, na wateja wake wakahamishiwa kwa wengine. Sisi huku Bara hatuna la kuchagua: umeme wa gridi huuzwa na TANESCO, kama vile Unguja na Pemba huuzwa na ZECO. Lakini liko jambo moja ambalo mtu wa London hufanya siku ya kwanza, nalo latufaa sana sisi pia. Kabla hajapanga viti, huenda kwenye mita akaandika namba zake na tarehe.

Basi fahamu hili: mita ya LUKU hufuata nyumba, haimfuati mtu. Mpangaji aliyetangulia akiondoka ameacha deni, deni hubaki kwenye namba ya mita, na kila anunuaye umeme kwa namba hiyo hukatwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pango, mwombe mwenye nyumba namba ya mita. Mwambie kwa adabu, “Mzee, tununue umeme wa fedha kidogo tuone risiti.” Mzee mwenye nia njema hatakasirika. Risiti huonyesha uniti ulizopata, kodi, tozo, na deni kama lipo. Akikataa kabisa, mimi ningeendelea kutafuta chumba kwingine, na Kivinje vyumba havikosekani.

Liko na jambo la kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 Serikali imekuwa ikikusanya kodi hiyo kwa njia ya LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Si kila nyumba imo katika hesabu hiyo, wala si kila mzee hutozwa. Wapo waliosamehewa kisheria. Lakini kama nyumba imo, basi miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme hujikusanya. Sasa tupige hesabu ya mwuguzi wetu. Nyumba ilifungwa miezi mitano. Pamoja na mwezi alioingia, ni miezi sita. Mara sita 1,500 ni shilingi 9,000. Katika zile 10,000 alizolipa, ilibaki 1,000 ya kununulia umeme, nayo ikakatwa tozo zake.

Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Mpangaji hulipa kwa sababu tu yeye ndiye mwenye simu mkononi. Hivyo tunza risiti, na mkubaliane mapema kwamba fedha hiyo itapunguzwa katika pango, tena iandikwe kwenye mkataba wenu. Aghalabu watu huona haya kuandikiana na mzee wanayemwamkia kila asubuhi. Haya ya namna hiyo imevunja ujirani mwingi kuliko karatasi.

Sasa bei yenyewe. Bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 ziliweka wateja wa nyumbani katika mafungu. Fungu la D1 ni la wanaotumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi: hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, na uniti zinazozidi 75 ni shilingi 350 kila moja. Fungu la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Zote ni kabla ya kodi na tozo. Shika kalamu. Nyumba yenye taa chache, redio na friji ndogo ikitumia uniti 60 kwa mwezi, katika D1 italipa shilingi 6,000. Uniti hizo hizo 60 katika T1 ni shilingi 17,520. Tofauti ni shilingi 11,520, kila mwezi, kwa umeme ule ule na taa zile zile.

Na fungu nalo hufuata mita. Kama aliyetangulia alikuwa na friji kubwa la kugandisha samaki, huenda mita iko T1, nawe unayewasha taa tatu unalipa kama yeye. Hapo ndipo mwananchi wa Kivinje ana uwezo wa kubadili kitu. Nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe kupangiwa fungu linalolingana na matumizi yako. Huangalia matumizi ya miezi iliyopita, kwa hiyo usiende siku ya pili baada ya kuhamia. Ishi kwanza, uandike kila unachonunua, ndipo uende na ushahidi.

Onyo kwa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Tarehe 24 Novemba 2024 mpango wa zamani wa tarakimu za mita za namna hii ulikoma ulimwenguni kote, na mita ambayo haikuboreshwa ilikataa umeme mpya. Ukinunua ukaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20, ingiza la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, bila kuyachanganya. Mawili ya kwanza huiboresha mita. La tatu ndilo lenye umeme. Mita ikikataa, usiigonge, wala usimwite kijana wa mtaani aifungue. Na ukiona waya unaopita kando ya mita, usiuguse: toa taarifa siku hiyo hiyo, maana wakaguzi wakija, wa kwanza kuulizwa ni anayekaa ndani.

Wasikilizaji wa Kivinje huuliza: gesi iko Songo Songo, kisiwa kilicho karibu nasi, mbona ya kupikia yaletwa kwenye mitungi kutoka Dar es Salaam? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 hupita kwenye bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Hiyo ni methani, haikubali kugeuzwa maji kwa mgandamizo mdogo. Ya mtungini ni propani na butani, nayo hukubali. Ndiyo maana hubebeka hata kwa baiskeli. Hapo kwenye mtungi una hiari ya kumchagua mwuzaji. Mwulize kwanza kama atapokea mtungi mtupu ulio nao, kisha mtake apime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukiwa kilo 7 na gesi ni ya kilo 6, mizani isome 13. Isiposoma hivyo, mrudishie.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo: nyumba imo katika kodi ya majengo, imefungwa miezi mitatu, mpangaji mpya ameingia mwezi wa nne na amelipa shilingi 20,000. Kiasi gani kimekwenda kwenye kodi, na kiasi gani kimebaki kabla ya makato mengine? Kila mmoja alete pia risiti moja ya LUKU ya nyumbani kwake, tutaisoma mstari kwa mstari.