Uwakili na Injili: Hesabu Isomwe Mbele ya Watu

(Maneno tuliyosema kwa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay)

Tumeombwa kusema juu ya uwakili na kueneza Injili. Watu wengi wakisikia neno uwakili wanashika mifuko, wanajua sasa ni fungu la kumi. Tulieni. Leo hatuchangi.

Wakili ni mtu anayetunza mali isiyo yake. Mwenye mali akirudi, atauliza. Hilo mnalijua kuliko sisi, maana katika nyoluoro zenu hakuna mama anayekubali kuambiwa "pesa iko, usiwe na wasiwasi." Atauliza iko wapi. Lakini mama huyo huyo akiingia kanisani ananyamaza. Sisi wazee tulidhani ni heshima. Kumbe mara nyingine ni woga.

Tuwaambie habari yetu wenyewe, kwa sababu si vizuri kufundisha kwa makosa ya jirani. Mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tunazika karibu kila wiki. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Kabla ya hapo mgonjwa alirudishwa nyumbani, na watu wakaanza kutafuta mbao. Basi kanisa letu lilifanya harambee kwa ajili ya watoto wa mvuvi mmoja aliyefariki, wapate karo ya muhula. Watu walitoa. Wengine waliahidi kuku, na kuku wakaletwa kweli. Pesa ikakabidhiwa kamati.

Siku hizo hizo tulikuwa na mpango wa mkutano wa Injili wa siku nne kule ufuoni, na pesa ya spika na jenereta haikutosha. Kamati ikasema tuazime kidogo kwenye ile ya watoto, tutarudisha. Tafadhali mtuelewe, hakuna aliyeiba. Hata shilingi moja haikuingia mfukoni mwa mtu. Iliingia kwenye petroli.

Siku ya kwanza watu walijaa. Siku ya pili walikuja watoto tu. Siku ya tatu tukatuma wazee wawili wakaulize kulikoni. Wakamkuta yule mjane akianika omena. Hakugombana nao. Alisema tu: "Baba zangu, watoto wangu wamefukuzwa shule. Jana usiku nilikuwa nimelala, nikasikia karo yao inahubiri kwa spika."

Siku ya nne hatukuwasha jenereta.

Kulikuwa na ubishi mkubwa kati yetu. Wengine walisema turudishe pesa kimya kimya, kwa sababu tukisema hadharani makanisa mengine yatatucheka. Ni kweli, walitucheka. Tuliuza mabati tuliyokuwa tumenunua, tukalipa karo, halafu tukaenda ufuoni pale wanapopimia omena, tukasoma hesabu yote kwa sauti, pamoja na petroli. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akaokota beseni lake akaenda. Anasali kanisa lingine mpaka leo, wala hatumlaumu.

Baada ya hapo tulirudi kwenye Biblia kama watu wasioijua. Tazameni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane fulani walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema hayo ni mambo madogo. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kushughulikia mgawo. Na ni baada ya hapo ndipo tunasoma kwamba neno lilienea. Sisi tulikuwa tumeanza na spika. Hata Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho sura ya 8, anapeleka mchango wa maskini wa Yerusalemu pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu. Kama Paulo alihitaji shahidi, sisi ni akina nani?

Na huku kwetu pia, Injili ilipofika Gendia mwaka 1906 na akina Carscallen, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland ambayo leo ni Malawi, haikubaki maneno tu. Shule zilifuata, na hospitali ya Kendu mwaka 1925. Mgonjwa hakuulizwa kwanza anasali wapi.

Sasa tunafanya hivi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, wasiwe wa boma moja, jamani. Watu wawili wanahesabu matoleo kabla ya mtu kwenda kula. Siku ya ibada ya kwanza ya mwezi hesabu inasomwa, na anayepita njiani akitaka aingie asikilize. Pesa iliyotolewa kwa jambo moja haihamishwi mpaka waliotoa na waliotolewa wakubali, wote.

Kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, omena inapofungwa, sadaka hupungua sana. Zamani tulikemea watu madhabahuni. Siku hizi tunaitisha saga: tunakwenda kupalilia shamba la mjane, la mkristo au la asiyekuwa, na siku hiyo inaandikwa kwenye daftari kama sadaka nyingine. Mwenye shamba akituuliza kwa nini tumekuja, tunamwambia. Asipouliza, tunapalilia.

Daftari letu liko hapo mezani, na ule ukurasa wa petroli hatukuuchana. Pitieni, ulizeni. Mweka hazina wetu ndiye yule mama mwenye kitambaa cha bluu. Msimwogope, ingawa sisi tunamwogopa.