Kuwajengea Mayatima Nyumba Yenye Kujitegemea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mlio mbele yetu msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Mtume wetu alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alifariki naye akiwa na umri wa miaka 6. Alipohamia Madina, mwaka 622, kiwanja cha msikiti wake kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Imepokewa kwamba walitaka kukitoa bure, naye akakataa ila kwa thamani yake. Ikiwa hata msikiti wa Mtume haukujengwa juu ya mali ya yatima bila ya malipo, sisi tuna udhuru gani tunapoligawana shamba la marehemu kabla ya kuondoa matanga?

Wako miongoni mwetu wanaotaka kuwajengea mayatima nyumba vijijini, na nia hiyo ni njema. Lakini tumeona nyumba zilizofunguliwa kwa shangwe, kisha chungu kikakaa mekoni kikingoja barua ya mfadhili. Mfadhili akichoka, mtoto huwa yatima mara ya pili.

Dawa tunayo, nayo ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar, alimtaka Mtume shauri, akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka mazao yake. Haikuuzwa, haikutolewa zawadi, wala haikurithiwa.

Basi nasi tuanze na ardhi kabla ya matofali. Mgomba huzaa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mnazi hungojewa miaka 6 au 7, lakini huzaa kwa zaidi ya miaka 50. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Likiwekewa mifereji na birika la saruji, watoto hawatakesha kisimani. Samadi ya mbuzi irudi kwenye mihogo na mchicha.

Wala kujitegemea si kumgeuza mtoto kibarua. Shule na chuo kwanza. Jembe baadaye, kwa kadiri ya umri wake. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na tukiona wamepevuka akili, tuwakabidhi mali yao mbele ya mashahidi. Basi kijana ashike daftari la mauzo ya nazi, ajue bei na hesabu. Na hesabu ya wakfu isomwe mbele ya wanakijiji kila mwaka, kwani sura hiyo hiyo inatuonya kwamba alaye mali ya yatima kwa dhulma anatia moto tumboni mwake.

Asiye na ekari ya kutoa ana mche wa mnazi. Asiye na mche ana siku moja ya kazi.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa walinzi wa mayatima, wala usitujaalie kuwa wenye kuwadhulumu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.