Reale ya Seyyid Barghash



Dini ya Kiislamu ilifika Rwanda pamoja na wafanya biashara na askari waliotoka pwani. Kwa hiyo habari za pwani ni urithi wa watu wa Cyangugu pia, na miongoni mwazo imo habari ya sarafu ya fedha iliyo adimu sana: reale ya Seyyid Barghash bin Said wa Unguja.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856, na Unguja ikashikwa na mwanawe Seyyid Majid. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpokonya nduguye utawala. Nyumba moja ikagawanyika. Hata dada zao, Bibi Khole na Bibi Salme, walikuwa upande wa Barghash. Akajizatiti na wafuasi wake katika shamba la Marseille. Majid akasaidiwa na Waingereza, na Barghash akashindwa, akahamishwa Bombay. Tangu hapo sauti ya mgeni ilizidi kusikika katika mambo ya nyumba ile, na mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Rwanda nayo ilionja uchungu wa namna hiyo huko Rucunshu mwaka 1896.

Ama Barghash, alichokikosa kwa upanga alikipata kwa amani: Majid alifariki mwaka 1870, naye akatawala. Mwaka 1299 Hijria (1881–1882) akaagiza Ubelgiji, nchi iliyokuja kuitawala Rwanda baadaye, sarafu zenye jina lake. Lakini sokoni watu walikuwa wamekwisha zoea reale ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi. Reale ya Barghash haikushika soko, na leo zimesalia chache mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Hata hivyo jina lake halikupotea. Alileta mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba, na kwa maji hayo hutajwa kwa wema hata leo.

Basi wanaogombea uongozi wa jumuiya, au wa msikiti, au urithi wa baba yao, na watazame sarafu hiyo. Jina lililochorwa juu ya fedha lilisahauliwa sokoni. Lililoandamana na maji ya kunywa limebaki. Na ugomvi wa ndugu uishe mbele ya wazee wao, kabla hajaitwa mgeni kuuamua.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kupatana. Amin.