Umeme Unaopoza: Deni la Jibu Moja



Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: umeme huu unaopasha joto mayai katika mashine za vifaranga hapa Matembwe, je, ukipita katika metali tu, bila mota wala gesi, unaweza kupoza? Nilimjibu upesi kwamba hauwezi. Wenzake wakamcheka. Nilikosea, na leo nimekuja kulipa deni hilo mbele yenu.

Ilinipasa nimkumbuke Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliyeona mwaka 1963 aiskrimu ya moto ikiganda kabla ya iliyopoa. Naye alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichapisha habari hiyo, na wataalamu wanaibishania hadi leo.

Sasa jibu. Chai hupoa kwa kuwa chembe zake zenye nguvu zaidi huruka na mvuke, zikabaki zile za poole. Elektroni nazo ni hivyo. Chukua shaba, iunganishe na alumini, katikati pakiwa na utando mwembamba mno wa oksidi. Alumini ikifika nyuzi 1.2 juu ya sifuri halisi, yaani karibu 272 chini ya sifuri ya Selsiasi, hupitisha umeme bila ukinzani. Tena hujifunga, elektroni dhaifu isipate nafasi ndani yake. Weka volti ndogo sana, chini kidogo ya sehemu 2 za 10,000 za volti moja. Elektroni zenye joto hupenya utando zikaondoka. Za baridi hubaki katika shaba. Ukizidisha volti, shaba hupata joto, na hayo ndiyo niliyoyazoea mimi.

Nahum, Eiles na Martinis walilionyesha jambo hili Marekani mwaka 1994. Mwaka 1996 Leivo, Pekola na Averin, kwa kutumia viungo viwili, walizishusha elektroni kutoka nyuzi 0.3 hadi karibu 0.1.

Msitazamie jokofu la soda! Kazi yake ni kupoza vipokezi vya darubini na vya eksirei, ambavyo joto dogo tu huvivuruga. Taabu iliyopo ni kwamba joto lililotolewa hurundikana katika alumini, likarudi kinyemela kwenye shaba.

Kijana yule ameketi pale dirishani. Ameniambia ana maswali mengine mawili. Ndugu Mwenyekiti, naomba aanze yeye.